Salamu Tusizotumiana

4 Februari

Baba Chiriku,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe na wa nyumbani kwako mna afya, na macho hayakusumbui tena kwa ule moto wa kuchomelea. Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mikono yangu imekauka kwa pasi kubwa ya kule hotelini, lakini kazi ipo na siku zinakwenda.

Usishtuke kuona karatasi. Simu yako haiingii, ujumbe haujibiwi, mwaka wa pili huu. Barua nimempa dereva anayetuletea sabuni pale kwenye chumba cha kufulia, maana anapita mbele ya karakana yako.

Nakuandikia habari za mtoto. Hajaugua, usiogope. Ila hayupo, sijui nisemeje. Anakaa mezani, anakula vijiko viwili vitatu, kidole gumba kinapanda na kushuka kwenye kioo cha simu. Nikimwuliza anaangalia nini anasema, "Vitu tu." Na wala hacheki. Angekuwa anacheka ningefarijika. Yule tuliyemwita Chiriku kwa sababu hata usingizini alikuwa anaongea, sasa kutwa nzima napata kwake "ee" na "sawa."

Mwalimu wake aliniita. Anasinzia darasani tangu kipindi cha kwanza, na siku nyingine haonekani kabisa. Nikamnyang'anya simu, nikaifungia sandukuni pamoja na nguo zangu za ibada. Aliitoa bila neno, kama mtu anayekupa kikombe kitupu. Nikajipongeza. Lakini hakubadilika, na shuka lake likawa linachezacheza hata mchana. Nikadhani akili yangu ndiyo imeruka. Kumbe anayo simu ya pili chini ya shuka. "Baba alinipa."

Baba Chiriku, mimi nafunga mlango, wewe unafungua dirisha? Ungeniambia tu. Naomba unijibu.

Mzazi mwenzio,
Mama Chiriku

19 Februari

Mama Chiriku,

Salamu nyingi, na pole na mikono. Sisi tu wazima. Macho yanauma kidogo jioni, nayaosha, yanatulia. Barua yako nimeisoma nimeegemea geti la mteja, mafundi wenzangu wakinipigia kelele, "Mzee kapata mchumba wa enzi zile!" Nikawaacha wafurahi.

Simu nilimpa, sikatai. Aliniambia yake imekufa na wewe umesema hutaki kusikia habari za simu. Lakini kusema kwamba hujibiwi, hapo sikuelewi kabisa. Ni mimi niliyepiga mpaka nikachoka. Kila siku hupatikani. Nikasema basi, mwanamke kaamua, nimwache apumzike na mimi.

Nilishukuru hata hivyo kwamba hukuniwekea kinyongo, kwa vile salamu zako huwa nazipata kila mtoto akija likizo. "Mama anakusalimu, anasema pole na kazi." Na zile pongezi ulizotuma tulipopata huyu mdogo, mke wangu zilimgusa. Alisema, "Mwenzangu yule ana moyo."

Likizo iliyopita Chiriku alikuwa anakaa kwenye ngazi za nyuma, katupa mgongo, yuko na simu yake. Nikaona amenichukia, nisimsumbue. Nikamwongezea intaneti. Alisema, "Asante baba," na mimi nikaridhika na hiyo asante. Kuhusu darasani, mimi naambiwa yeye ni wa kwanza.

Sasa niambie nifanye nini.

Ni mimi,
Baba Chiriku

2 Machi

Baba Chiriku,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na mtoto. Mtoto huyo sikuwa na habari zake. Hongera, Mungu amkuze. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliketi juu ya rundo la mashuka, msimamizi akapita, akaniuliza kama nimefiwa.

Zile pongezi si zangu. Wala salamu. Sijawahi kukutumia hata moja, nisikudanganye. Na mimi nilikuwa nazipata zako. "Baba anasema asante kwa kunilea." Siku niliyoambiwa hilo nililia jikoni, chakula kikaungua, nikakila hivyo hivyo.

Nilimpelekea simu yangu binti wa mapokezi aitazame. Akabonyeza huku na huku, akasema, "Mama, huyu umemzuia kabisa. Alikukosea nini mzee wa watu?" Nikamwambia hata kuzuia sijui kunafanywaje. Akacheka. "Basi nyumbani kwako kuna mtaalamu."

Nikamwuliza Chiriku. Hakukana.

"Ni wewe uliyeizuia namba ya baba yako?"

"Ee."

"Na yangu kwenye simu yake?"

"Ee. Likizo ile ya kwanza baada ya talaka."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mkipigiana mlikuwa mnagombana. Halafu wewe unaniuliza baba anasemaje, yeye ananiuliza mama anasemaje."

"Na salamu je?"

"Mlikuwa mnasubiri kusikia kitu."

Yote hayo anayasema kidole kinapanda na kushuka. Nikamwuliza, na humo kwenye simu unatafuta nini? Akasema, "Humo hakuna anayeniuliza mwenzake kasema nini."

Nilikwenda kusali, maneno hayakuja. Nilipiga magoti tu mpaka yakafa ganzi, nikainuka, nikaenda kazini.

Tulikubali ule ukimya haraka mno, Baba Chiriku. Hakuna kati yetu aliyepanda gari kwenda kuuliza. Namba yako nimeifungua, kaifungue na yangu. Lakini sitapiga. Naogopa sauti zetu.

Mwalimu mkuu anatutaka wote wawili, Ijumaa tarehe 20, saa nne asubuhi. Tusipofika wote, muhula ujao hampi nafasi. Nimemwambia Chiriku kwamba unakuja. Akainua uso. "Wote? Chumba kimoja?" Nikasema ndiyo. Simu aliilaza mezani kifudifudi, tukala.

Njoo, tafadhali.

Mzazi mwenzio,
Mama Chiriku

28 Machi

Mama Chiriku,

Salamu. Hamjambo? Sijui nianzie wapi.

Nilifika. Nilitoka huku alfajiri na shati la kazi, nikisema nitarudi kumalizia kazi ya mtu. Nikasimama ng'ambo ya barabara, penye duka la vitabu. Lile geti la shule limechomelewa vibaya, bawaba ya chini inaning'inia. Nikawa naitazama hiyo bawaba.

Mkapita. Chiriku kashika mkanda wa mkoba wako kama alivyokuwa anaushika sokoni akiwa mdogo. Amekuwa mrefu. Nikajiambia nikivuka tu tutaanza. Nani alitoa simu, nani hakuuliza, nani alioa upesi. Mbele ya mwalimu, mbele yake yeye. Nikasubiri miguu iamue. Kengele ikalia, watoto wakatoka kucheza, nikapanda gari nikarudi.

Sijalia wala sijakasirika. Nachomelea tu.

Usimwambie nilifika. Mwambie kazi ilinibana.

Baba Chiriku

9 Aprili

Baba Chiriku,

Natumaini hujambo, na mdogo wake Chiriku anaendelea kunenepa. Nilimwuliza Chiriku habari za huyo mdogo. Akasema anaitikia akichekeshwa, ila hapendi kubebwa na watu wenye haraka. Ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyopata kwake mwezi huu.

Siwezi kumwambia kazi ilikubana. Alikuona.

Ofisini viliwekwa viti vitatu. Chiriku alikaa cha katikati, chako kikabaki kitupu. Mwalimu mkuu akauliza, "Baba yuko njiani?" Mimi nikatazama mlango. Yeye alikuwa anatazama dirishani, na dirisha lile linaelekea barabarani. Akamgeukia mwalimu, akasema kwa adabu, "Baba anaumwa tangu jana. Anaomba radhi, na anakusalimu sana." Mwalimu akasema, "Maskini, mpe pole." Nami nikaamini kwamba unaumwa, nikakuombea njia nzima ya kurudi.

Juzi tulikuwa tunakunja nguo. Akasema, "Alikuwa na shati la kazi."

"Nani?"

"Baba. Penye duka la vitabu."

"Sasa mbona hukusema, Chiriku?"

"Ungetoka ukamfuata. Mngegombana pale barabarani, shule nzima inaangalia." Akalichukua shuka upande wa pili, tukalinyoosha, tukalikunja.

Nilingoja hasira ije. Haikuja. Simu amezirudia, zote mbili, hata ile niliyoifungia sandukuni, nyingine ikiwa kwenye chaji nyingine iko mkononi. Sijamnyang'anya. Nikimnyang'anya, nimpe nini badala yake? Mimi narudi nyumbani nimechoka, naketi, yeye ameketi. Jirani aliingia kuomba chumvi, akadhani hatupo.

Kwa sababu ya ule uongo wake, mwalimu mkuu ametupa siku nyingine. Jumatatu tarehe 27, saa ileile. Amesema baada ya hapo kiti chake watampa mtoto mwingine. Nilitaka kumwambia Chiriku kwamba safari hii utaingia, akanizuia kwa mkono. "Usiniambie kama anakuja." Basi sikumwambia.

Nakuomba uvuke barabara. Sikuombi uje na maneno mazuri, mimi pia sina. Tukigombana, tugombane. Mtoto huyu amesikia magomvi yetu yote yakianza, ila hajawahi kuona hata moja tukilimaliza, akatuona tumenyamaza, tumekaa, hakuna aliyeondoka. Labda tutashindwa. Lakini tushindwe tukiwa ndani, aone kwamba kutupatanisha si kazi yake.

Dereva wa sabuni anapita kwako Alhamisi. Nijibu mapema, tafadhali.

Mzazi mwenzio,
Mama Chiriku