Mkono Usio wa Anyosisye

Mafinga, Jumatano, Julai 1976

Nilijua kabisa ule mkono si wake.

Anyosisye wa posta ya Mbeya ana vidole vizito. Kwenye teleprinta, mashine yetu ya kuandikiana kwa waya, herufi zake huja zikisitasita, na hajawahi kuniandikia bila kuanza na "Ndaga". Tena saa saba huwa kwake, anakula. Leo saa saba hiyohiyo maneno yalimiminika kama mvua ya mawe, salamu hakuna: lori la dawa linaondoka saa ngapi, dereva nani?

Nikamwonyesha bosi wa bohari yetu ya dawa.

"Sasa unataka mashine ikuamkie? Jibu, dada, watu wanangoja!"

Nikajibu. Mjinga mimi.

Saa nane Anyosisye akapiga simu. "Ndaga, dada. Nimetoka kula, nakuta kufuli limevunjwa na mashine bado ya moto. Kuna mtu kakuandikia?"

Lori lilikuwa limeshaondoka. Polisi wameambiwa. Sasa ni saa nne usiku, na bado halijaonekana Uyole, karibu na Mbeya.

Dereva ni Festo. Yule mtu nilimwandikia zaidi ya alichouliza, kwa majivuno yangu: ni kaka yangu, anasafiri peke yake.