Dada Hajawahi Kuua Mtu

Jumatatu, 3 Machi

Imesoma! Kompyuta inanirudishia kila herufi ninayogonga kwa ile sauti yake ya puani. Fundi kompyuta wa pale kazini ameniwekea programu ya kutambua maandishi. Unalaza kitabu kwenye skana, inapiga picha ukurasa, halafu inakusomea. Ukurasa wa kwanza niliuweka kichwa chini miguu juu — ikabwabwaja kama mlevi. Wa pili nikaufunika kwa kidole gumba. Wa tatu, maneno. Maneno safi, bila kumwomba mtu. Mimi, ambaye macho yalizima nikiwa darasa la sita! Kazi yangu ni kupokea simu, na leo nimecheka hadi wapigaji wakakata wenyewe.

Dada bado hajui. Kila jioni tukishakula ananisomea riwaya. Ndiyo maana alikataa kuhamishwa mara ya kwanza, na sasa wamempa tena: mji mwingine, cheo kikubwa, bosi anataka jibu Ijumaa. Yeye anasema, "Nani atakusomea, ukuta?" Basi nitamwonyesha ukuta unaosoma. Aende zake akawe bosi.

Jumanne, 4 Machi

Nimewahi kazini kuskani riwaya ninayoipenda kuliko zote, ile ya fundi saa. Mgongo hoi. Programu haina haya: inasoma na namba za kurasa. "Akamvuta kiunoni, mia moja na kumi na mbili, akambusu." Nimecheka hadi kwikwi.

Lakini ngoja. Busu? Dada aliponisomea, walipeana mikono tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimefika mwisho. Fundi saa amekufa kwa homa, peke yake. Kwa Dada alipona, akafungua duka, akapata mapacha. Mapacha wametoka wapi?

Fundi kompyuta akanionyesha kutafuta: unaandika neno, inaruka hadi lilipo. Tukaskani na riwaya nyingine mbili alizowahi kunisomea. Nikaandika "alikufa". Nikaandika "mazishi". Bibi harusi — chali. Mwalimu wa muziki — chali. Hata mbwa, jamani. Dada hajawahi kuua mtu. Nimefiwa na ukoo mzima kabla ya chai ya saa nne, na bado nacheka.

Kisha nikakumbuka. Kitabu cha kwanza alinisomea wiki tuliyomzika Mama. Dada mwenyewe alikuwa msichana tu, mwenye sare ya shule. Nampenda Dada yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshindwa kumwambia. Nikisema ninasoma mwenyewe, atajua nimeshawajua wafu wake. Nisiposema, hatakwenda. Nimekula wali wote wa kwangu, na wa kwake nusu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika Dada akiwa hapa hapa, kanikazia macho, nayasikia.

Leo alianza sura ya mwisho ya kitabu cha bibi na wajukuu. Nilikwisha kuiskani. "Bibi akafumba macho..." Akakohoa. "Akalala fofofo, asubuhi akaamka na njaa."

Nikasema, "Dada, rudi nyuma kidogo. Hapo umeruka."

Kitabu kikafungwa. "Umejuaje?"

Nikabonyeza kompyuta niliyokuja nayo kutoka kazini. Sauti ya puani ikasoma yote: bibi hakuamka, wajukuu, kaburi, mia mbili na tatu. Nikamwambia na habari za fundi saa. Dada akaguna. Akaguna tena. Mara tukashikana mabega, tunacheka, machozi yake yananidondokea mkononi. "Mapacha niliwatunga mwenyewe, niliwapenda," akasema.

Simu yake inaita mezani. Ni bosi, anasema. Hajapokea.

Ameniuliza, "Mdogo wangu, hii mashine yako ikifika kwenye kifo, inaendelea tu kusoma?"

Nimemwambia inaendelea tu. Haikohoi hata kidogo.

Kiti chake kimesogea, nyayo zinaelekea mezani. Simu bado inaita —