Aliyekuwa Akinipapasa Shingo

Jumapili, baridi ya Julai. Ukungu umeukalia mtaa wangu wa Kware tangu asubuhi na nguo nilizofua jana bado zina maji. Nimejifunga skafu ndani ya nyumba, na si kwa sababu ya baridi.

Kuna vidole vinavyonijia nikilala mchana.

Nimevijua tangu utotoni. Huanzia chini ya sikio, vikashuka polepole hadi kooni, vikatua, vikabonyeza, vikaondoka. Nikifumbua macho sioni mtu. Nikiwa na miaka tisa nilitibiwa saratani kwa mionzi ya shingoni, na Mbithe, msichana wa kitanda cha pili wodini, hakurudi kwao. Miaka ishirini nimeamini ni yeye, anakuja kuangalia kwa nini mimi nilibaki. Vidole hivyo hunijia kwa mama tu, huko Pumwani ninakolala kidogo kila Jumapili baada ya chakula. Kwangu Kware havijawahi kufika, na hilo sikujiuliza.

Alhamisi nilienda kliniki. Nilidhani saratani niliimaliza utotoni, kumbe mionzi ile inaweza kuiathiri tezi ya koo na uvimbe ukajitokeza baada ya miaka mingi, kwa hiyo sisi tuliopona tunafaa kuchunguzwa maisha yetu yote. Daktari aliona nukta tatu za buluu kifuani pangu, ambazo mama aliniambia ni alama za kuzaliwa. Akasema ni wino, waliniwekea ili kulenga mashine. Nilijitazama kama nguo ya mtumba yenye jina la mtu mwingine kwenye kola.

Alinipapasa shingo, hakusikia kitu. Kisha akanipa nichague: nipapaswe kila mwaka, au nipigwe pia picha ya altrasaundi. Hakunificha. Vivimbe vingi vya hapo havina madhara, na picha inaweza kuonyesha kimoja ambacho kisingenisumbua kamwe, nikaishia kuchomwa sindano na kukosa usingizi bure. Nikachagua kupapaswa. Mimi ni mwoga, na siku hiyo uoga ulifanana na busara.

Aliniomba tu nitafute karatasi za zamani, ajue nilipewa mionzi kiasi gani.

Basi leo, baada ya kanisa, nilimuuliza mama. Yeye hushona viatu vya ngozi sokoni Kariokor, na si mtu wa maneno mengi.

"Hizo makaratasi nilichoma," alisema. "Ile siku ulitoa ushuhuda kanisani. Ukiweka karatasi ya ugonjwa kwa nyumba, unaufuga."

Zilichomwa kwenye jiko, na chai ya shukrani ikapikwa juu yake. Tangu hapo ugonjwa haukutajwa tena nyumbani kwetu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo mama ndiye aliyenifundisha.

Akauliza daktari alisema nini. Nikamwambia hakusikia kitu.

Mama aliweka kikombe chini. Akaja nyuma ya kiti changu bila kuomba ruhusa, akanigusa chini ya sikio. Vidole vikashuka polepole. Vikatua. Vikabonyeza.

Nilivijua.

"Iko hapa," alisema. "Tangu Krismasi. Nimekuwa naombea itoke."

Miaka ishirini ametangaza nimepona, na kila Jumapili nikisinzia amekuwa akikagua. Nilitaka kumfokea, na nilitaka anishike asiniachie, yote kwa pamoja. Ajabu ni kwamba nilimlilia Mbithe. Mzimu wa mtoto nilikuwa nimeuzoea. Mama anayenyata sikumzoea.

Nilivaa viatu nikaondoka, naye hakunizuia.

Sasa nimejipapasa pale alipobonyeza mpaka ngozi imewasha. Sisikii kitu, halafu nasikia, halafu sisikii. Daktari alisema hakuna, mama anasema kipo, na shingo ni moja.

Kukipambazuka nitapiga simu kliniki niseme nataka picha. Wakiuliza ni nani aliyekisikia nitasema ni mama, nami nitamleta awaonyeshe mahali. Nimemtumia ujumbe kumuuliza kama atakuja.

Amejibu kabla sijaiweka simu chini: saa ngapi?