Siku za Kukaa Nchi Kavu

Mwankoko, Singida
18 Februari 1957

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Sauti iliyonibakia ni ya viganja vikipiga maji, pa, pa, pa, kama mtu anayefua nguo jiweni kwa hasira, halafu kimya. Nimelala nayo na kuamka nayo siku nne. Ndiyo maana nimeanza na sauti hiyo kabla ya kukuuliza hali yako, na ya mumeo Mzee Gaspari, na kama kikohozi chake kimepungua. Unisamehe. Mimi ni mzima wa mwili.

Unajua kuwa tangu shule ifunguliwe nawafundisha wasichana wa darasa la saba kuogelea ziwani. Uliniambia hiyo ni kazi ya bata. Lakini sababu unaijua pia. Masika ya mwaka juzi wasichana wawili wa shule yetu walizama bwawani walipokwenda kuchota maji, na wenzao kumi na mmoja wakasimama ukingoni wakitazama, kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya. Mimi nilijifunza chuoni, kando ya Ziwa Nyanza. Niliona aibu kulijua jambo hilo peke yangu.

Alhamisi nilikuwa mwezini, siku ya pili. Nikafanya kama ulivyonifundisha nilipovunja ungo: sikugusa maji. Nilisimama ufukoni na viatu vyangu, nikawaambia wasichana nina malaria, kama nilivyowaambia mwezi uliopita. Mmoja wao, Paskalina, akapita miti miwili niliyoisimika kuwa mpaka, akateleza kwenye tope, akakosa pa kukanyaga. Akaanza kupiga maji. Nami nikasimama.

Shangazi, sikusimama kwa kutoona. Niliona. Nilifikiri juu ya maji yale na tumbo langu na maneno yako, kwa muda wa nusu ya Salamu Maria. Dina, binti wa Kinyiramba, mwembamba kama fito, akanipita mbio, akaogelea, akamshika mwenzake kwa nyuma kama nilivyowaonyesha, akamtoa.

Paskalina alitapika maji ya chumvi ya ziwa letu, akapona. Aliyeketi akitetemeka ni Dina. Nilipomfunika kwa khanga nikaona damu mguuni mwake.

"Mwalimu, usimwambie mama," akasema. "Nimekuwa nikiingia kila mwezi." Halafu akanong'ona, "Je, sitazaa?"

Nilimkazia khanga mabegani, nikamwambia nitauliza. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyenipa sheria ile: nani alikuambia, naye alijuaje? Wasichana wangu hukosa masomo kila mwezi kwa ajili yake. Na mimi nimechoka kuugua malaria nisiyokuwa nayo.

Mtoto wa kaka yako,
Theresia


Ihanja
3 Machi 1957

Theresia mwanangu,

Marahaba. Barua yako imeletwa na utingo wa lori la Manase, imelowa mafuta pembeni lakini inasomeka. Mzee Gaspari anakohoa vilevile, anakusalimu. Sikumsomea. Uwele umeshika vizuri mwaka huu, ndege wakituachia tutakula. Namshukuru Mungu kwamba mtoto yule alitoka.

Swali lako si la kuandikwa kwenye karatasi, lakini umeuliza. Maji huingia. Mwanamke aliye mwezini yuko wazi, na maji ya ziwa au ya mto yakiingia, kizazi hupoa, hakishiki tena. Aliniambia mama yangu, bibi yako, naye hakuwa mtu wa mzaha. Wewe umesoma mpaka umesahau kuogopa. Sisi tunaogopa kwa sababu tunajua.

Kuna jambo la pili. Mzee Leonidas amefika hapa mara mbili kwa habari ya posa ya mwanawe Antipasi, karani wa boma, ambaye unamfahamu na hujanikataza kumtaja. Mimi ndiye niliyemwambia kuwa wewe huna dosari. Alikunywa togwa yangu juu ya neno hilo. Ukiingia majini katika siku zako, sitaweza kulisema tena. Nitamwambia mimi mwenyewe apeleke maneno yake nyumba nyingine, maana sitamdanganya mtu mzima aliyeketi kwenye kiti changu.

Huyo Dina mhurumie, lakini usimwige. Kaa nchi kavu siku zako tano. Ziwa halitahama.

Shangazi yako,
Kristina


Mwankoko
10 Machi 1957

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na nafuu, na ndege wakiwa mbali na uwele. Huku mvua ni nzuri na sote tu wazima.

Asante kwa kunijibu bila kunificha. Nami sitakuficha. Kamati ya shule ilikaa Ijumaa. Mwalimu Mkuu akasoma daftari langu: kati ya wasichana ishirini na wawili, wanaoweza kuogelea kutoka mti hadi mti ni wanne. Mzee Filipo akasema kwamba kwa muda huo hata kuku wake wangekuwa wamekwisha kujua. Wazee wakacheka. Nimepewa mpaka mwisho wa Juni. Wasipoweza kuelea na kurudi ufukoni, somo linafutwa na saa zake zinarudi kwenye ushonaji.

Wakaniuliza kwa nini wanakosa sana. Nikatazama meza. Ningesemaje mbele ya wanaume wanane? Kila msichana ana siku zake tano, halafu ana mbili za kuogopa kabla na mbili za kuogopa baada. Linapokuja somo jipya amesahau la zamani.

Nilikuuliza nani alikuambia, umenijibu kuwa ni Bibi. Sikuuliza vya kutosha. Je, umemwona kwa macho yako mwanamke mmoja ambaye maji yalimfanya hivyo? Nitajie jina lake, mmoja tu. Ukimtaja, nitakaa nchi kavu na somo nitalifunga mimi mwenyewe, bila kungoja kamati.

Mtoto wa kaka yako,
Theresia


Ihanja
28 Aprili 1957

Theresia,

Salamu zako za Pasaka zilinifika, na ile karatasi nyingine ya kuuliza kama naumwa. Siumwi. Sikukujibu kwa sababu uliniomba jina.

Jina ni Kristina.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mbuzi watatu wa baba walivuka korongo wakati wa kiangazi kidogo, halafu mvua ikanyesha juu huko na maji yakashuka. Nilikuwa siku ya tatu, na katazo la mama nilikuwa nalijua. Nikavuka nikiwa nimezama mpaka hapa kifuani, nikawapata mbuzi, nikarudi nao jioni. Wala sikuugua. Mwaka uliofuata nikaolewa na Mzee Gaspari. Siku moja tukitwanga na mama mkwe nikamsimulia habari ile kwa kucheka, jinsi beberu alivyonivuta kuliko nilivyomvuta. Yeye hakucheka. Aliuliza tu ilikuwa siku gani ya mwezi wangu, nami kwa ujinga nikasema.

Miaka minne ikapita bila mtoto, ndipo akalikumbuka korongo. Tangu hapo ukoo mzima wanalijua. Mzee Gaspari hakunifukuza, na kwa hilo wote walimsifu, hata mimi. Kwa mbuzi watatu, Theresia. Mmoja aliliwa na fisi mwezi huohuo.

Sikukulea ukiwa unakuja hapa kila likizo, nikakufundisha kufunga vitambaa, nikakuchunga na maji, ili uje uniambie ninachokijua ni uvumi. Umetaka jina, unalo. Sasa timiza ahadi yako.

Shangazi yako,
Kristina


Mwankoko
12 Mei 1957

Shangazi wangu, shikamoo.

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa. Niliuliza swali lile kama mtu anayeuliza hesabu ubaoni. Sikujua nilikuwa namuuliza nani. Nisamehe, na kama huwezi leo, nitangoja.

Niliahidi kukaa nchi kavu. Tangu barua yako ifike nimekaa na wasichana wote wamekaa. Lakini moyo wangu haukukubali, kwa ajili yako kuliko kwa ajili yangu. Jumamosi nilikwenda hospitalini kwa Nesi Yunisi, ambaye amezalisha wanawake miaka kumi na miwili. Sikumtaja mtu. Nikasema tu, mwanamke mmoja alivuka maji akiwa mwezini, hakupata mtoto.

Alinisikiliza mpaka mwisho akasema maji ya mto hayapandi yakafika kwenye kizazi, mlango wake ni mdogo na umebana hata siku zile, na mwili unasukuma kutoka, hauvuti kuingia. Hajaona hata mmoja aliyekosa mtoto kwa kuvuka maji. Kwa nini mwanamke huyo hakuzaa, alisema hawezi kujua bila kumpima. Halafu akaniuliza, "Na mume wake, nani alimpima?"

Nimekuandikia alivyosema, sijaongeza neno.

Nikamuuliza na ya wasichana. Akasema damu haikomi majini, ila maji huikandamiza ikatoka kidogo, na ukitoka tu inarudi. Kwa hiyo mtu asiingie na kitambaa, maana kikilowa kinakuwa kizito, na chumvi ya ziwa letu ikikisugua mapajani inachubua. Avae suruali fupi nyeusi ya kubana, iliyoshonwa, si nguo ya kujifunga, maana ya kujifunga humnasa miguu ikamvuta chini. Akitoka, mwenzake ampokee na nguo kavu, ajimwagie maji ya kisima kuondoa chumvi, ajikaushe, ndipo afunge kitambaa kisafi kilichoanikwa juani. Anayeumwa tumbo sana au kusikia kizunguzungu apumzike, kama angepumzika siku yoyote. Na asiingie mtu peke yake, mwezini au si mwezini.

Ahadi yangu bado inanifunga. Sitaingia mpaka uniambie umesoma haya.

Mtoto wa kaka yako,
Theresia


Ihanja
2 Juni 1957

Theresia mwanangu,

Marahaba. Nimesoma. Sikutaka kusoma mara ya pili, nikasoma.

Nilikaa na lile swali la nesi siku sita. Siku ya saba nikampelekea Mzee Gaspari uji nikamuuliza. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Aliweka kata chini akaniambia kwamba kabla yangu alikuwa na mke kule Unyamwezi alikokwenda kufanya kazi, wakakaa miaka mitatu. Nikamuuliza, mtoto? Akasema hapana. Nikamuuliza, na yule mwanamke sasa? Akasema aliolewa tena, ana wanne. Wanne, Theresia. Alijua muda wote mama yake aliponitaja na korongo langu mbele ya watu, naye akala chakula chake.

Nimehamia chumba cha mahindi. Usimwandikie baba yako, nitamwambia mwenyewe nikiwa tayari. Mzee Gaspari namchemshia dawa ya kikohozi kama kawaida, lakini uji anakoroga mwenyewe.

Kwa utingo wa Manase nimekuletea kaniki, vipande sita. Ni nene, haionyeshi kitu. Nimekata suruali mbili za mfano, sehemu ya katikati nimeishona mara mbili. Nyingine wasichana wako watashona, si kamati inataka kuwarudisha kwenye ushonaji?

Sijasema uingie. Hofu ya miaka ishirini na sita haitoki kwa barua moja. Na Mzee Leonidas atakuja baada ya mavuno, sijui nitamwambia nini. Lakini ahadi uliyoniahidi nimekurudishia.

Shangazi yako,
Kristina


Mwankoko
12 Juni 1957

Shangazi wangu, shikamoo.

Unalalaje huko chumba cha mahindi, na panya? Likizo ikifika nitakuja kukaa nawe, na kama utakuwa umeamua kuondoka Ihanja, nyumba yangu ya ualimu ina vyumba viwili. Sikushawishi. Nakuambia tu vipo.

Kaniki ilifika salama. Wasichana wameshona suruali kumi na nane, na Dina, ambaye mshono wake ni wa kutia huruma, ameshona ya kwake mara tatu. Nilimpa jibu la nesi kwa maneno yaleyale. Alilisikiliza akiwa ameinama, kisha akauliza kama anaweza kumwandikia mama yake. Nikampa karatasi.

Jana ilikuwa siku yangu ya pili. Niliwaita wasichana wote ufukoni nikawaambia waziwazi kwamba niko mwezini na kwamba nitaogelea, na anayetaka kukaa akae, sitaandika jina lake. Nilivaa kaniki yako. Maji yalikuwa baridi mpaka nikasahau kuogopa, halafu nikakumbuka, nikaendelea. Nilikwenda mpaka mti wa mbali nikarudi. Saba wakanifuata. Watatu kati yao, baadaye waliniambia, nao walikuwa katika siku zao. Dina alinipokea na shuka, Paskalina akanimwagia maji ya kisima, na hakuna aliyecheka wala kugeuza uso. Hesabu ya jana ni kumi na wanne wa kuelea na kurudi. Mwisho wa Juni haujafika.

Kuhusu Mzee Leonidas, usihangaike kutafuta la kumwambia. Nimemwandikia Antipasi mwenyewe. Nimemweleza ninachofundisha, kwamba naingia majini kila siku ya mwezi, na kwamba kama watoto watachelewa sitakubali kupimwa peke yangu. Kama hilo ni dosari, aseme yeye, isiwe wewe wa kulibeba mdomoni. Barua niliitia posta Jumatatu asubuhi, na Jumanne nikaingia majini, ili jibu lake, litakapokuja, lisiwe ruhusa.

Mtoto wa kaka yako, na wako,
Theresia