Mpira wa Kupumulia Uliokaa Juu ya Meko

Kapsoit,
Kericho.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Kipkurui,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari ya kazi, na hiyo baridi ya Norwei imekuachia kidogo? Wifi Rebeccah amepona mgongo? Na Kipruto mdogo bado anakataa ugali, au umekumbuka kwamba wewe ndiwe baba? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanayomsumbua mvua ikinyesha, na mwezi wa Mei wote imenyesha. Majani chai yamechipuka mpaka wachumaji hawatoshi. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike na Mama anasema wewe ndiwe utampa jina, kwa hivyo anza kufikiria.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ukipiga simu, Mama huiweka sauti ya juu jikoni na kusikiliza kila neno, na kuna mambo hapa sitaki ayasikie. Sababu nyingine utaiona mwishoni.

Uliuliza kama vifaa vyako vya kuzamia, vile ulivyotumia kazini, vimenifaa darasani au nimevitundika ukutani kama mapambo. Miwani imenikaa barabara, haiingizi maji hata tone, maana pua yetu ni ile ile ya marehemu Baba. Mapezi ni makubwa, nayavaa na soksi nzito. Suti ya mpira nimeikunja miguuni, lakini tumboni inanibana, na usicheke. Kile kidimbwi cha hoteli tunachofundishiwa hapo Kericho mjini kina maji baridi sana asubuhi. Wenzangu hutoka midomo ikitetemeka, mimi nimetulia tu ndani ya suti yako. Kwa hilo nakushukuru kutoka moyoni.

Shida ilikuwa ule mpira wa kupumulia.

Phanice, yule anayekuja na kurudi huko kwenu, alipotuletea mzigo wako Krismasi, Mama alikagua kitu kimoja kimoja. Vingine aliniachia, lakini mpira huo aliuchukua mwenyewe. Nilikuwa nimemweleza kwamba ndio unaotoa pumzi kwenye mtungi na kuileta mdomoni. Akasema basi hicho ndicho kitu cha kuchungwa, na panya wa nyumba yangu hawana adabu. Akaupandisha tabut, pale juu ya meko anapohifadhi mbegu za mahindi. Ukakaa huko kwenye joto na moshi hadi darasa lilipoanza mwezi uliopita. Hata mimi niliona ni sawa. Kwetu kitu cha maana huwekwa wapi kwingine?

Kwa nini niliingia darasa hilo nilikueleza kwa simu, ila laini ilikuwa inakatika, kwa hivyo acha nirudie. Unamkumbuka Eliakim, jirani yetu aliyekuwa akipima majani chai pale kituoni. Mwaka jana, wakati wa mvua, alizama kwenye bwawa la mashambani. Hapa kwetu hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuingia kumtafuta, ikabidi wazamiaji waitwe kutoka mbali. Nilikaa na mkewe Quinter pale ukingoni siku zote za kuwangoja wazamiaji. Alikataa kula, akakataa kwenda nyumbani, akisema mume wake akitolewa ni lazima amkute pale. Nilikasirika, Kipkurui. Niliwakasirikia waliokuwa wakipiga picha, nikajikasirikia na mimi ninayejua kuogelea juu juu tu. Kwa hivyo kanisa na wazee wa mtaa walipochanga ili tuletewe mwalimu, mimi ndiye niliyeandikisha jina wa kwanza. Watakaofaulu ndio watakuwa kikosi cha kuitwa mabwawani upande huu wetu. Nakitaka kikosi hicho kuliko kitu chochote nilichotaka tangu nimalize shule.

Mama hakupendezwa. Alikubali kwa sharti moja, nami nikaliahidi. Alisema, "Mimi sijui vitu ya huyo mwalimu, nani amevaa, nani ameharibu. Ya Kipkurui naijua. Utaingia kwa maji na hiyo peke yake."

Mwalimu wetu anaitwa Orina. Aliwahi kuwa mwanajeshi wa majini, ni mpole na hana maneno mengi. Siku ya kwanza ya kuingia majini alitupanga na vifaa vyetu. Alisema mtu anaruhusiwa kuja na vyake, lakini lazima yeye avikague kwanza, kwa sababu anayeanza akishtuka huko chini hutafuta kila kitu pale alipofundishwa, na vyako vikiwa tofauti na vya wenzako, hata mwenzako hatajua pa kukusaidia. Akapitisha miwani. Akapitisha mapezi na suti. Jaketi lako la hewa alinivalisha, akaniambia nifumbe macho nitafute kidude cha kujaza na cha kutoa, tena na tena, mpaka vidole vikazoea.

Halafu akashika mpira wa kupumulia, akaukunja pale unaposhikana na chuma. Ukafunguka nyufa kama matope ya kiangazi. Alipoufunga kwenye mtungi, hewa ikaanza kutoka kwa mlio kama sufuria inayochemka. Akausogeza puani.

"Madam, hii mlikuwa mnapikia?"

Darasa zima likacheka. Mimi unanijua, nikaanza kubishana. Nikamwambia, "Hii imezama bahari ya Norwei, itashindwa na maji ya hoteli?"

"Bahari haina moshi," akanijibu. "Hii hose imekufa. Siwezi kukubali uingie nayo. Chukua ya darasa."

Sikuichukua. Nilikuwa nimeahidi. Nikakaa ukingoni ndani ya suti yako kama mgeni asiyekaribishwa, wengine wakaingia. Mwenzangu wa masomo ni Ogola, mdogo wake Eliakim, na kwa ajili yangu alibaki bila mwenza, ikabidi mwalimu mwenyewe amshike. Hilo liliniuma kuliko kile kicheko. Tulipomaliza, Orina aliniambia bila ukali kwamba Jumamosi inayofuata niingie, la sivyo ningoje darasa lingine, na yeye hajui kama litakuwepo.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama wazi. Ningeweza kusema mpira ulizeeka tu, lakini Mama huuliza mpaka achoke, na mimi uongo haunikai. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua ndoo akaenda kukamua. Aliporudi alishusha mbegu zote za mahindi kutoka tabut, akazipanga upya, akazirudisha. Wiki nzima hakuzungumza nami ila habari za maziwa na mbolea. Nikajua mambo ya kuzamia yameisha. Nilimkasirikia, kisha nikamhurumia, kisha nikamkasirikia tena.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa koti lake la kanisani, mwavuli mkononi.

"Twende nione huyo Orina," akasema.

Pale kidimbwini alipewa kiti, akakataa kukaa. Akataka aonyeshwe mpira wa darasa. Aliunusa, akauvuta, akaukunja huku na huku kama anayenunua kamba ya kufungia ng'ombe. Akauliza, "Na hii ikikufa huko chini?"

Orina akamwonyesha mpira wa pili, ule wa manjano unaoning'inia ubavuni. "Hii ya njano si yake, Mama. Ni ya mwenzake. Kila mtu hapa anabeba ya mwenzake."

Mama akamgeukia Ogola. "Wewe ndiye ndugu ya Eliakim?"

"Ndiyo, Mama."

"Nionyeshe vile utampatia."

Ogola akaushika mpira wake wa manjano akaninyooshea. Mama akachukua miwani yako kutoka mkononi mwangu, akaitemea mate ndani, vile vile alivyotutemea viganjani siku ile unaondoka kwenda uwanja wa ndege. Orina akamshukuru, akasema hata wao wazamiaji hutemea hapo ili kioo kisiingie ukungu. Mama akamjibu kwamba yeye hajui mambo ya ukungu, yeye amebariki.

Basi nikaingia. Kule chini hakuna cha ajabu, nisikudanganye. Ni vigae, kibanio cha nywele cha mtu, na kelele ya pumzi yako mwenyewe. Nilitoa kipande cha mdomoni nikakirudisha. Nilijaza maji kwenye miwani nikayatoa. Nikavuta hewa ya Ogola, naye akavuta yangu. Nilipoibuka Mama alikuwa amesimama pale pale, mwavuli umefunguliwa na mvua hakuna. Mwalimu akasema nimefaulu somo hilo. Yamebaki mengine, na bwawa lenyewe tutaingia Agosti tukiwa tayari. Leo kanisani Quinter alinishika mkono wimbo mzima, akauachia tulipokaa.

Sasa sikiliza. Mama amenikataza kabisa kukuambia habari ya meko. Anaona aliharibu kitu ulichokipata kwa jasho lako, na jambo hilo linamkera mpaka leo. Ukipiga simu usiulize mpira uko wapi. Sifu miwani, uliza habari za ndama. Tena usitume mpira mwingine, wa darasa unatosha, na Orina anapendelea tutumie wa aina moja.

Baba mdogo Chepyegon anakusalimu, anasema ile redio uliyomletea bado inasema. Mwanangu Edinah anakusalimu na anataka kujua kama samaki unaowakagulia nyavu wanakufahamu. Nisalimie wifi sana, na umbusu Kipruto.

Kilichonifanya niandike hasa kimo ndani ya bahasha hii, katika kikopo cha dawa, na nimemkabidhi Phanice akuletee mkononi. Orina aliukata mpira wako ili mtu mwingine asije akautumia. Nikamwomba kile kipande cha kuuma kwa meno. Siku ile ya kwanza, kabla hajanikataza, nilikuwa nimeshakitia mdomoni kukijaribu. Kina ladha ya jikoni kwa Mama asubuhi, moshi, mahindi, na kibuyu cha maziwa ya mursik kikifunguliwa. Tunakutumia picha kila wiki, lakini ladha hii simu haiwezi kuituma, na wewe umekaa huko miaka mingi mno. Orina anasema ukikilowesha kwenye sabuni kitatakata kabisa. Usikioshe, Kipkurui.

Mungu akuchunge ukiwa majini na ukiwa nchi kavu, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyekubeba mgongoni,
Nelvine