Barakoa Haikai Kidevuni

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili jioni.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo huko uliko? Unakula vizuri? Kifua kikoje? Sisi wazima, ila usingizi umenihama, na sababu ni wewe.

Shule ilitaka watu wazima wa kusindikiza watoto makumbusho, nikaenda na binti yako. Nilidhani tutaona mifupa na vyungu. Kumbe ni chumba kizima cha hiyo sayansi ya kazini kwako! Dada mmoja mwenye fulana ya njano akasema, "Karibuni kwenye sayansi ya nano." Mimi nikasikia nane. Nikamuuliza, "Zile saba tumeziruka?" Watoto walicheka mpaka nikacheka mwenyewe.

Huko hakuna cha "usiguse". Binti yako alipewa kikombe kikubwa, akakipindua, maji chwaa! Akapewa kingine, kidogo kama kucha ya kidole cha mwisho. Akakipindua, maji yakang'ang'ania humo humo. Tunasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yalikataa hata kumwagika. Yule dada akaeleza kwamba kitu kikiwa kidogo hubadilika tabia, na hivyo vya nano ni vidogo zaidi, jicho halivioni kabisa.

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikakufikiria wewe na huo unga wa nano mnaoushika kazini. Nikamvuta yule dada pembeni: unga mdogo hivyo, si unaingia puani? Akasema, "Ndiyo maana wanaoushika huvaa barakoa, mama."

Sasa ile picha uliyotutumia ukiwa kazini, mbona barakoa iko kidevuni? Usiniambie uliishusha ili tukuone. Nakujua. Wewe ndiye uliyekuwa unarudi kutoka shule umelowa chapachapa, mwavuli umeukumbatia.

Binti yako siku hizi anajaza maji kwenye vifuniko vya chupa na kuvipindua, anatafuta kitakachogoma. Baba yako nusura ateleze. Nikimfokea ananijibu, "Bibi, vidogo vina ukaidi." Amejuaje haya, kama si kwa mikono yake?

Baba yako anakusalimu, goti limepoa. Mjomba wako fundi viatu naye anakusalimu, na shangazi yako pia, ingawa amenuna hujampigia simu.

Jana nilimkuta mtoto na picha yako na kalamu ya bluu. Amekuchorea barakoa, kafunika mdomo, pua, mpaka nusu ya macho. Akanipa: "Haya Bibi, sasa ulale."

Nimejaribu. Wino haukingi, mwanangu. Tuma picha nyingine.

Mungu akufunike, na wewe ufunike pua.

Wako akupendaye, ambaye bado yuko macho,
Mama.