Draiva ya Zamani Kwenye Seva ya Kliniki

Jumatano, alfajiri. Kwa fundi wa zamu

Kosa la wengi ni kuweka draiva mpya ndani ya programu na kuiacha ya zamani kwenye seva. Draiva ndiyo inayoiwezesha seva kuzungumza na hifadhidata, na miunganisho hufunguliwa na seva yenyewe. Kwa hiyo seva inashika ile ya zamani, ambayo haielewani na hifadhidata ya toleo jipya.

Nimelifundisha hili miaka mingi. Na juzi, nilipoweka hifadhidata mpya kwenye kliniki ya Kimbiji, aliyeiacha draiva ya zamani ni mie. Niliogopa kugusa kilichokuwa kinafanya kazi.

Jana Sista Zuhura, muuguzi wa chanjo, alinipigia. "Shikamoo mzee. Kadi za watoto kwenye kompyuta hazifunguki tangu asubuhi. Huyu kachomwa ipi, kabakiza ipi, nitabuni mie?"

Nikamwomba awe na subira.

"Subira ninayo, mzee. Lile daftari ulilosema nilitupe ndilo sina."

Nilicheka kidogo, kisha nikakosa usingizi. Kina mama walirudishwa na vichanga mgongoni, kwa barabara ile ya mashimo, na leo watakuja tena...

Kabla kliniki haijafunguliwa, ondoa draiva ya zamani kwenye seva, weka mpya mahali pake, kisha uiwashe seva upya.